Jinsi ya Kumpima Kocha wa Klabu Isiyo na Pesa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila mzunguko wa pili wa ligi unapoanza, swali huwa lile lile: kocha abaki au aondoke? Na karibu kila mara jibu hutolewa kwa kutazama msimamo wa ligi na matokeo ya mechi tatu za mwisho, basi. Kamati za klabu hufanya hivyo, mashabiki kwenye vibanda vya video hufanya hivyo, na watangazaji wa redio pia. Klabu inabadilisha makocha wawili kwa msimu mmoja, inalipa fidia ya kuvunja mkataba kwa pesa ambayo ingelipa mishahara, na daraja inashuka vile vile.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa kamati, kiongozi wa tawi la mashabiki, au yeyote anayetaka kuzungumza kuhusu kocha akiwa na ushahidi mkononi. Mfano wangu ni Ligi Kuu ya Uganda kwa mfumo tuliouzoea wa timu 16 na mechi 30, lakini hatua hizi zinafaa hata FUFA Big League (daraja la pili) na ligi za mikoa.

Swali tunalotafuta jibu lake ni moja: kwa alichopewa, kocha huyu ameongeza nini?

## Vitu vya kuandaa

- Daftari kubwa la mistari na kalamu za rangi mbili.
- Ratiba kamili ya msimu pamoja na matokeo yote, siyo ya timu yako tu.
- Orodha ya wachezaji waliosajiliwa, walioondoka na waliokwenda kwa mkopo, kwa kila dirisha la usajili.
- Tarehe ambazo mishahara na posho zililipwa kweli. Hiki ndicho kitu kigumu kupatikana, na ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote.
- Orodha ya majeruhi na waliofungiwa kwa kadi.
- Mechi zisizopungua nane utakazozitazama wewe mwenyewe uwanjani, nne nyumbani na nne ugenini.
- Ruhusa ya kuhudhuria mazoezi, japo siku chache.

Kama huna tarehe za mishahara, usikate tamaa. Waulize wachezaji wawili watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana kuhusu mwezi, andika. Wakitofautiana, acha nafasi wazi. Usijaze kwa kukisia.

## Hatua ya 1: Andika alichopewa kocha, siyo alichoahidiwa

Mwanzoni mwa msimu klabu huahidi mengi: mshambuliaji mpya, kambi ya wiki mbili, basi, mishahara kila mwisho wa mwezi. Kisha ligi inaanza na nusu ya hayo hayapo. Kocha akipimwa kwa ahadi, anaonewa.

Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika alichoomba kocha kwenye ripoti yake ya kabla ya msimu. Kulia andika alichopata, na tarehe aliyokipata. Beki wa kati aliyefika siku ya mwisho ya dirisha hajafanya mazoezi ya maandalizi hata siku moja, kwa hiyo usimhesabu kana kwamba alikuwepo tangu mwanzo.

Andika pia jinsi timu inavyosafiri. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Timu inayofika siku moja kabla, ikala na kulala vizuri, haiko sawa na timu iliyoteremka kwenye kosta asubuhi ya mechi miguu ikiwa imevimba. Matokeo ya mechi ile ya mbali yaandike pamoja na saa waliyofika.

Angalizo: usiishie kwenye pesa za usajili. Katika ligi yetu wachezaji wengi huja wakiwa huru au kwa mkopo, kwa hiyo ada ya usajili haisemi mengi. Mshahara, na kama unalipwa kwa wakati, husema mengi zaidi.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyeijua klabu yako akisoma ukurasa huo ataelewa kocha aliingia vitani na silaha gani.

## Hatua ya 2: Panga ligi kwa nguvu ya mfuko

Huko Uingereza klabu huchapisha hesabu zake, na kwa miaka mingi imeonekana kwamba jumla ya mishahara hukaribia sana kueleza timu itamaliza wapi. Kwetu hesabu hizo hazitangazwi, kwa hiyo tumia dalili.

Nani huchukua wachezaji wa nani? Timu ikimhitaji winga wako Januari na akaenda, timu hiyo iko juu yako kimfuko. Nani ana uwanja wake, kama Vipers walivyo na uwanja wa Kitende? Nani ana wachezaji wengi wa Uganda Cranes ya ndani, yaani timu ya taifa ya wanaocheza ligi ya nyumbani? Nani analala kambini kabla ya mechi?

Kwa dalili hizo gawa timu 16 katika makundi matatu: A wenye nguvu, B wa kati, C wanaohangaika. Usijaribu kuzipanga moja hadi kumi na sita, utapoteza wiki nzima ukibishana kama ya nane ni ya tisa.

Hapa kuna mtego ambao wengi huingia. Klabu za taasisi, kama UPDF ya Bombo (jeshi), Police, URA (mamlaka ya mapato), au Maroons ya Magereza, zina taasisi nyuma yake hata kama hazina mashabiki wengi. Klabu ya jamii inaweza kujaza uwanja, kama Onduparaka ilivyokuwa ikijaza Green Light baada ya kupanda ligi kuu mwaka 2016, na bado ikategemea kiingilio na wafadhili ambao kesho hawapo. Kelele za jukwaani hazipimi mfuko. Mwulize mchezaji kama anajua tarehe ya mshahara wake.

Sasa tafuta wastani wa alama kwa mechi wa kila kundi. Tuseme timu yako iko C, imecheza mechi 22 na ina alama 27. Hiyo ni alama 1.23 kwa mechi. Tuseme timu nyingine za kundi C zina wastani wa 1.05. Kwa mechi 22, timu ya kawaida ya kundi lako ingekuwa na alama 23. Kocha wako ameongeza alama nne. Kwenye msimamo inaweza kuwa ya kumi na jukwaa zima linaguna, lakini miongoni mwa wenzake wa mfuko ule ule anafanya kazi nzuri.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja kama timu iko juu au chini ya wenzake wa kundi lake, na kwa alama ngapi.

## Hatua ya 3: Kata msimu vipande

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Wastani wa msimu mzima huficha mambo. Chukua kalamu ya rangi ya pili na uchore mstari kwenye ratiba kila mahali jambo kubwa lilipobadilika: mishahara ilipokoma, mfungaji bora alipouzwa, kipa alipovunjika mkono, uwanja wa nyumbani ulipofungiwa. Kisha hesabu alama kwa mechi katika kila kipande.

Rudi kwenye mfano wetu wa mechi 22 na alama 27. Tuseme mechi 12 za kwanza, mishahara ikilipwa, timu ilipata alama 19. Hiyo ni 1.58 kwa mechi, kiwango cha kupigania nafasi za juu. Mechi 10 zilizofuata, wachezaji wakidai miezi miwili na zaidi, alama 8 tu, yaani 0.8. Redioni watasema kocha ameishiwa mbinu. Daftari lako linasema kitu kingine: timu ile ile, kocha yule yule, mfumo ule ule, kilichobadilika ni mfuko.

Lakini usiishie hapo. Huenda mechi hizo kumi ziliangukia timu za kundi A. Ili kujua, linganisha mpinzani na mpinzani: mlipata nini dhidi ya timu hii mzunguko wa kwanza, na mmepata nini mzunguko wa pili, ukikumbuka nani alikuwa nyumbani. Kama mlipoteza alama hata kwa timu za kundi C mlizozifunga awali, basi kushuka ni kwa kweli, na hapo unauliza kama ni mfuko peke yake au kuna jingine.

Makocha wenyewe nao huumia kwa malimbikizo. Milutin Sredojević, Micho, aliirudisha Uganda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2017 baada ya kukosa tangu 1978, na Julai ya mwaka huo huo akaondoka akisema anadai mishahara yake. Kwa hiyo kwenye safu ya mishahara weka na jina la kocha.

Angalizo la hesabu: kipande chenye mechi chini ya nane usikiamini sana. Chukua timu ambayo katika kila mechi 100 ingeshinda 35, ingetoka sare 25 na kufungwa 40. Uwezo wake ni alama 1.3 kwa mechi. Timu hiyo hiyo, bila kubadilika chochote, inaweza kupata alama 3 katika mechi tano au kupata 10, na yote mawili ni ya kawaida. Ndiyo maana "amepoteza tatu mfululizo" siyo hoja.

Brentford ya Uingereza walimpa Thomas Frank timu Oktoba 2018, akapoteza mechi 8 kati ya 10 za kwanza. Hawakumfukuza. Mwaka 2021 aliwapandisha Ligi Kuu.

## Hatua ya 4: Toa yale yasiyo mikononi mwake

Pitia kila kipande uweke alama kwenye mechi zenye jambo lililomshinda kocha: kadi nyekundu ya mapema, uwanja kuhamishwa, wachezaji watano kuugua malaria wiki moja.

Uwanja wa nyumbani una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika kufuzu kwa Kombe la Mataifa la 2023, uwanja wa taifa wa Namboole ukiwa umefungwa kwa ukarabati, Cranes waliikaribisha Tanzania kule Ismailia, Misri, wakafungwa 1-0, na Algeria wakaikaribisha Douala, Cameroon, wakafungwa 2-1. Mwishoni Tanzania ilifuzu kwa alama 8 na Uganda ikabaki na 7. Alama moja! Klabu yako ikihamishwa kutoka uwanja wake kwa sababu haujatimiza masharti ya leseni, mechi hizo ziandike ugenini, maana kwa kweli ni ugenini.

Angalizo: usiandike "mwamuzi" kwenye kila kipigo. Penalti moja ya utata kwa msimu inakubalika kuandikwa. Ukifika tano, unamtetea kocha, humpimi.

## Hatua ya 5: Nenda uwanjani uhesabu

Matokeo yana bahati ndani yake. Nafasi zina bahati kidogo na kazi nyingi zaidi. Kwa jumla, shuti moja kati ya kumi huingia wavuni, na penalti tatu kati ya nne. Kwa hiyo timu inayotengeneza nafasi nyingi na haifungi, mara nyingi itafunga tu. Timu inayoshinda 1-0 kila wiki huku kipa wake akiwa ndiye mchezaji bora wa mechi, hiyo ina deni litakalodaiwa.

Chora mstari katikati ya ukurasa, timu yako kushoto, mpinzani kulia. Shuti kutoka ndani ya eneo la penalti, duara. Shuti la mbali, kistari kimoja. Andika na dakika. Usihesabu krosi zisizomfikia mtu, hata kama jukwaa limesimama.

Kisha kaa makini na mipira iliyokufa. Robo hadi theluthi ya mabao hutokana na kona, faulo na penalti, na kuifanyia mazoezi hakugharimu shilingi. Kwa klabu maskini hapa ndipo kocha mzuri huonekana mapema.

Kona yenu inapopigwa, usitazame mpira. Tazama miguu ya wachezaji kabla haujapigwa. Je, beki wa kati anaanza mbio kutoka ukingoni mwa boksi au amesimama tu mbele ya goli akisubiri? Kuna anayemzibia njia anayemkaba? Kuna mmoja anayesubiri mpira wa pili pale kwenye nusu duara? Wangapi wamebaki nyuma, na wamesimama upande gani wa mshambuliaji wa wapinzani? Mpigaji anainua mkono. Wenzake wanasogea kwa ishara ile au kila mtu ana lake? Ukiona mpangilio ule ule katika mechi ya tatu na ya sita, hilo ni zao la mazoezi. Ukiona kila kona ni bahati nasibu, kocha ana swali la kujibu, na umaskini wa klabu hautamsaidia kulijibu.

Fanya vivyo hivyo kwa kona mnazopigiwa. Kufungwa bao la aina moja, nguzo ya karibu, katika mechi tatu tofauti, hilo ni la kocha.

Kuhusu mabadiliko ya wachezaji, kuwa na huruma. Kabla ya kusema "amechelewa kubadilisha", tazama nani yuko benchi. Ikiwa wapo vijana wawili wa miaka 18 na kipa, alikuwa na chaguo gani?

Umefaulu ikiwa: baada ya mechi nane una jumla ya maduara ya pande zote, na unaweza kusema kama timu inastahili alama ilizonazo.

## Hatua ya 6: Fuatilia wachezaji mmoja mmoja

Klabu isiyo na pesa huishi kwa kukuza na kuuza. Kocha anayemfanya kijana auzike anaingiza fedha ambazo msimamo wa ligi hauzionyeshi.

KCCA ya Mike Mutebi ni mfano ninaoupenda. Ilichukua ubingwa 2016, 2017 na 2019, ikabeba Kombe la Kagame 2019, na wakati huo huo ikawa inatoa vijana. Allan Okello aliuzwa Paradou ya Algeria Januari 2020, na Mustafa Kizza akaenda Montreal Impact mwaka huo huo. Mtu anayehesabu makombe peke yake ameona nusu ya kazi ile.

Tengeneza jedwali la wachezaji wote. Kwa kila mmoja: umri, dakika alizocheza, nafasi anayochezeshwa, na jambo moja ambalo hakuliweza Agosti na sasa analiweza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. "Ameimarika" siyo jibu. "Alikuwa anarudisha mpira kwa kipa kila akikabwa, sasa anageuka na kupeleka mbele kwa mguu wa kushoto" ni jibu.

Tazama hasa wale waliokuja wakiwa wamekataliwa kwingine. Watatu wanne wakifufuka chini ya kocha mmoja, hiyo ni kazi yake.

Angalizo: dakika peke yake hazitoshi. Kuna kocha anayewapanga vijana kwa sababu hana mwingine, halafu anawaacha wajifunze kwa kupigwa. Kijana akicheza mechi 20 na makosa yakawa yale yale, amecheza tu, hajakuzwa.

## Hatua ya 7: Hudhuria mazoezi

Nenda bila kutangaza. Kikosi cha watu 25 chenye mipira sita ni jambo la kawaida kwetu. Tazama watu wangapi wamesimama kwenye foleni. Kocha hodari atagawa vikundi vidogo, wanne kwa watatu, wanne kwa watatu, mpira mmoja kila kikundi, kila mtu anagusa. Asiyejipanga ataweka watu 20 kwenye mstari mmoja kupiga golini kwa zamu, na nusu saa ikaisha mchezaji amegusa mpira mara tatu.

Sikiliza pia anavyosahihisha. Anasimamisha zoezi na kuonyesha, au anapiga kelele tu? Wachezaji wanaodai mshahara bado wanafika kwa wakati? Kocha anayeweza kuwaleta mazoezini vijana ambao hawajalipwa, wakakimbia, huyo mtafutie mkataba mrefu.

## Hatua ya 8: Toa uamuzi kwa kipimo kilichoandikwa

Kaeni kamati, daftari likiwa mezani. Jibuni kwa maandishi, kila swali peke yake: timu iko juu au chini ya kundi lake la mfuko? Ilikuwaje mishahara ilipolipwa? Nafasi inazotengeneza na inazoruhusu zinalingana na alama? Mipira iliyokufa imepangwa? Wachezaji wangapi wamekua?

Akipita manne kati ya matano, mwache afanye kazi hata kama yuko nafasi ya 13. Burnley ya Uingereza walishuka daraja 2015 wakiwa na Sean Dyche, wakambakisha, akawarudisha Ligi Kuu 2016 wakiwa mabingwa wa daraja la pili, na msimu wa 2017-18 wakamaliza wa saba. Akikosa manne, hasa yale ya mipira iliyokufa na kukuza wachezaji ambayo hayahitaji pesa, basi ukosefu wa fedha siyo kisingizio tena.

Jihadharini na ule moto wa siku za mwanzo za kocha mpya. Utafiti uliofanywa kwenye ligi kuu ya Uholanzi uliona kwamba timu zilizofukuza kocha baada ya matokeo mabaya, na timu zilizokuwa na matokeo mabaya kama hayo zikambakisha, ziliinuka karibu sawa. Timu iliyofikia chini kuliko uwezo wake huwa inarudi juu yenyewe.

Kabla ya kupiga kura, mwiteni kocha mumwonyeshe daftari. Mpeni nafasi ya kusahihisha tarehe na kueleza mechi mlizozikosa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake, siyo kwa muhtasari wa katibu.

Mkiamua abaki, wekeni tarehe ya kipimo kinachofuata, baada ya mechi zisizopungua kumi, na safu ya mishahara isainiwe na mweka hazina kila mwezi. Mkiamua aondoke, mlipeni anachodai kwanza, kisha mrithi wake akabidhiwe daftari hilo hilo siku anayosaini mkataba, likiwa na orodha ya wachezaji, tarehe za malipo na kona zote mlizofungwa.